Kwapa la kushoto ndilo linalokusumbua

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mzaliwa wa Lindi, muuguzi, na huu ni mwaka wa sita naishi Gateshead. Tangu Septemba najifunza zile paipu ndogo za Northumberland, zinazopulizwa kwa mvukuto. Nimeazimwa seti yenye vibonyezo saba. Kila nikipiga, sauti inapanda na kushuka kama king'ora cha gari la wagonjwa. Mivumo haitulii, na chanta inapiga mluzi bila kuombwa. Bega la kushoto linauma hadi usiku. Mwalimu ananiambia nilegeze mwili, lakini sijui nilegeze nini. Jingine: nimeambiwa mti wake ni mpingo, nikafurahi mno. Je, niupake mafuta ya nazi kama babu alivyokuwa akipaka fimbo yake? Na Desemba naenda nyumbani kwa wiki tano. Nibebe au niache?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Maswali yako ni mengi lakini king'ora, mivumo isiyotulia na bega linalouma ni ugonjwa mmoja. Ugonjwa wenyewe ni hewa. Mluzi una mambo yake, nitaufikia. Mafuta ya nazi nayo nitayafikia, ila nianze kwa kukusihi: kama chupa iko karibu na hilo boksi, irudishe jikoni kwanza.

Kwa wasomaji wengine ambao hawajawahi kuiona ala hii, nieleze kidogo. Mnazijua bagipaipu za Uskoti, zile za gwaride, ambazo mpigaji hujaza mfuko kwa mdomo na sauti yake husikika ng'ambo ya mto. Hizi ni ndugu zake wa chumbani. Zinatoka kaskazini-mashariki ya Uingereza, karibu na mpaka wa Uskoti, na sauti yake haizidi sana ya fidla, kwa hiyo unapiga sebuleni na mtoto analala. Mdomo hauhusiki kabisa. Kwapa la kulia linaendesha mvukuto, mfano wa ule wa mhunzi lakini mdogo, uliofungwa kwa mkanda kiunoni na mkononi. Mvukuto unajaza kiriba kilichobanwa kwapa la kushoto. Kiriba ndicho kinacholisha bomba la kuimbia, ambalo wenyewe wanaliita chanta, pamoja na mabomba ya mivumo, kwa kawaida manne, yanayolala kifuani na kutoa sauti isiyobadilika chini ya wimbo. Nimetumia neno kiriba makusudi. Katika Ghuba wana bagipaipu yao ya kupuliza kwa mdomo, Oman huiita habban na kwingine huitwa jirba, na hilo jirba ni kiriba chetu kilekile, ngozi ya maji iliyopewa kazi nyingine.

Sasa tuje kwako.

Mpiga zumari wa pwani hujaza mashavu, huvuta pumzi kwa pua huku mashavu yakiendelea kusukuma hewa, na wimbo haukatiki. Kwako wewe mvukuto ndio pua na kiriba ndicho mashavu. Wanafunzi karibu wote wanaofika kwangu wanalikosea hili: wanapiga kwa mvukuto. Kwapa la kulia likishuka, hewa inaingia kwa kishindo, sauti inapanda. Likiinuka kuvuta hewa mpya, sauti inashuka. Hicho ndicho king'ora chako. Mvukuto kazi yake ni kujaza tu. Anayepiga paipu ni mkono wa kushoto, na kazi yake ni kugandamiza kwa uzito uleule tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Mvukuto unaposukuma, mkono wa kushoto unakubali kuinuliwa kidogo na kiriba kinachojaa. Mvukuto unapofunguka, unashuka nacho taratibu. Hauachi kugandamiza, na hausukumi zaidi.

Umewahi kubeba kuku kwapani kwenda naye sokoni? Ukimlegezea anaruka, ukimkaza anapiga kelele na watu wanakugeukia. Unamshika kwa uzito wa mkono wenyewe, siyo kwa nguvu za msuli. Kiriba ni hivyohivyo. Bega lako linauma kwa sababu umeliinua hadi sikioni na unabana kwa bega. Liangushe. Anayebana ni sehemu ya ndani ya mkono, kati ya kwapa na kiwiko, na kiwiko kinaelekea ubavuni, kwa mbele kidogo. Kama kiriba kimekaa chini sana karibu na kiwiko, kisogeze juu. Kama unakijaza hadi kinakuwa puto, acha. Kikiwa kimejaa robo tatu hivi, kina nafasi ya kumeza kila pigo la mvukuto bila sauti kutikisika.

Mwalimu wako yuko sahihi, lakini "legeza" ni neno la mtu ambaye tayari anajua. Zoezi ninalowapa wangu ni hili. Toa chanta, ziba kitako chake, yaani lile tundu la kwenye kiriba inamochomekwa, kwa kizibo cha chupa. Funga mivumo yote isipokuwa mmoja. Kila bomba la mvumo lina kizibo chake mwishoni, kisukume ndani na sauti inanyamaza. Sasa fungulia huo mvumo mmoja, weka simu mezani ikiwa na programu ya kupimia sauti, na ushikilie mvumo huo dakika tano. Usipige wimbo wowote. Angalia mshale. Mshale ukicheza kila kwapa la kulia linaposhuka, umeliona kosa lako kwa macho. Mapigo ya mvukuto yawe marefu na ya polepole, sukuma hadi hewa yake iishe, fungua bila haraka. Dakika tano kila siku kabla ya kugusa chanta. Inachosha akili kuliko mkono, na majirani watadhani friji imeharibika, lakini baada ya wiki tatu utaniandikia barua nyingine kabisa.

Onyo kuhusu hiyo programu. Kwenye vitabu vya paipu hizi noti ya chini ya vidole huandikwa G, lakini seti nyingi zinalia karibu na F, na mara nyingi juu kidogo ya F. Kwa hiyo simu ikikwambia F wakati kitabu kinasema G, hakuna kilichoharibika. Nimeshamkuta mtu aliyekwisha kuchokonoa utete wake, kile kijiti chembamba kinachotetema na kutoa sauti, akitafuta G ambayo seti yake haikuzaliwa nayo.

Kabla hujajilaumu sana, hakikisha seti yenyewe haivuji, maana ya kuazima hupita mikono mingi. Mvukuto kwanza: ufungue, ziba mdomo wake wa kutolea hewa kwa kidole gumba, kisha ugandamize. Usikubali kufunga. Ukisikia pumzi inatoka upande wa shavu la mbao, kile kilango cha ngozi cha kuingizia hewa hakikai sawasawa, mara nyingi ni uzi au vumbi limenasa. Halafu kiriba: ziba kitako cha chanta, funga mivumo yote, jaza hadi kikaze, ugandamize na uhesabu dakika moja. Kiwe bado kimekaza. Kama kimenywea, chomoa mrija wa mvukuto na usogeze shavu pale ulipochomolewa. Ukihisi upepo, kilango cha ndani cha kuzuia hewa isirudi kimechoka. Kama upepo hauko hapo, pitisha shavu kwenye mishono, na kwenye viungo vilivyozungushiwa uzi. Kiungo kilicholegea unakiongezea mizunguko miwili mitatu ya uzi uliopakwa nta. Kushona ngozi au kuipaka dawa ya kuziba mwachie mwenye seti. Ni ya watu.

Kuna kifaa cha shilingi chache ambacho nakipenda kuliko programu zote. Chukua mrija wa plastiki unaoonyesha ndani, ukunje mfano wa herufi U juu ya ubao, utie maji yaliyochanganywa na kahawa kidogo ili yaonekane, na uunganishe ncha moja na kizibo kilichotobolewa pale kitakoni mwa chanta. Ukigandamiza kiriba, maji yanashuka upande mmoja na kupanda mwingine. Tofauti kati ya pande mbili ndiyo shinikizo lako. Seti yangu inapenda sentimita 38 hivi. Yako ina namba yake, mwombe mwalimu ajaribu kwanza, uweke alama kwa kalamu. Kisha kazi yako ni maji yasimame pale pale alamani.

Mivumo haiwezi kutulia kabla hewa haijatulia, kwa hiyo usiipatanishe kwanza. Siku ambayo maji yatasimama, anza na mvumo mmoja. Piga G ya chini kwenye chanta na usikilize mgongano wa sauti mbili, lile wimbi la wa-wa-wa. Sogeza bomba la mvumo kwa kulizungusha huku ukilivuta au kulisukuma; likirefuka sauti inashuka, likifupika inapanda. Wimbi linakuwa refu, linakuwa refu zaidi, mwishowe linapotea. Hapo fungulia wa pili. Watu wengi huacha mitatu ikilia na mmoja umefungwa, kutegemea wimbo uko katika G au D. Kosa la kawaida ni kulegeza kiriba wakati mkono unanyoosha kufikia bomba: unapatanisha kwa shinikizo dogo, unarudi kwenye wimbo kwa shinikizo kubwa, kila kitu kimepinda. Mwanzoni mwombe mtu akusogezee mabomba wewe ukiendelea kugandamiza.

Sasa huo mluzi. Hapa inabidi uelewe kinachoifanya ala hii iwe tofauti na karibu zumari zote unazozijua. Mwisho wa chanta umezibwa. Ukifunika matundu yote, hewa haina pa kutokea na chanta inanyamaza kimya, mivumo pekee ikiendelea. Kila noti ina kidole chake kimoja: kidole kidogo cha kulia ni G ya chini, cha pete A, cha kati B, cha shahada C, kisha kushoto cha pete D, cha kati E, cha shahada F kali, na gumba nyuma ni G ya juu. Unainua kimoja, unakirudisha, ndipo unainua kingine. Kati ya noti na noti kuna kimya cha kupepesa jicho. Ndiyo maana zinasikika kama bisi zinavyopasuka ndani ya sufuria yenye kifuniko. Ukiinua kidole cha pili kabla cha kwanza hakijarudi, au nyama ya kidole ikiacha upenyo mwembamba kama unywele, unapata ule mluzi.

Kipimo ni rahisi: tia hewa, funika yote, sikiliza. Chanta ikinyamaza kabisa, vidole vinaziba. Ikinong'ona, tafuta mhalifu. Wageni wengi hutumia ncha za vidole kama wanaoandika kwenye simu. Vilaze, funika kwa nyama iliyo nyuma ya ncha, hasa kidole kidogo cha kulia, ambacho hupenda kuteleza mkono ukichoka. Ikiwa bado inanong'ona na una hakika na vidole, huenda ni kibonyezo. Kata kipande cha karatasi ya sigara, kiweke chini ya kikalio cha ngozi, kile kinachoziba tundu la kibonyezo, achia kibonyezo, vuta karatasi. Ikitoka bila kukwama, kikalio hakikai. Mwonyeshe mwenye seti.

Vibonyezo vyenyewe havikuwapo zamani. John Peacock wa Newcastle, ambaye kitabu chake cha nyimbo kilichapishwa karibu mwaka 1800, alipiga katika ulimwengu wa chanta ya oktava moja isiyo na kibonyezo, na mwanzoni mwa karne ya 19 ndipo mafundi kama John Dunn na Robert Reid walipoanza kuviongeza. Leo kuna chanta za vibonyezo 17. Wewe visahau hivyo saba hadi Pasaka. Oktava moja ikipigwa kwa kimya safi kati ya noti ni muziki kamili.

Utawasikia wazee wa Northumberland wakibishana kuhusu ukimya huo. Tom Clough, mchimba makaa aliyefariki 1964, alisimamia mtindo wa noti zilizotenganishwa kabisa. Billy Pigg, mkulima aliyefariki 1968, aliachia vidole na kuunganisha noti kwa mapambo yake, na watu walimpenda hivyohivyo. Mimi ni wa Clough, bila aibu. Nampenda Pigg sana ila sijaona mwanafunzi aliyeanza kwa kumwiga akaweza baadaye kurudi kwenye kuziba matundu. Anza na ukali, uhuru utaupata. Ukipata Jumamosi ya bure, panda treni hadi Morpeth. Makumbusho ya bagipaipu yako katika jengo la kale la Chantry, na utaona paipu hizi za vizazi kadhaa zikiwa zimepangwa pamoja.

Kuhusu mpingo, furaha yako naielewa. Mimi mwenyewe siku ya kwanza fundi aliponiambia bomba lililo mkononi mwangu ni *Dalbergia melanoxylon*, nilikaa chini. Mti ule wa miiba, mfupi, uliokaa porini miaka 70 au 100 kabla ya kuwa gogo la maana, unaozama ukiutupa majini, unasafiri kutoka kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji hadi kwenye warsha za ala za Ulaya. Klarineti na obo nyingi duniani ni mpingo. Mwaka 2009 misitu ya vijiji wilayani Kilwa ilipata cheti cha uvunaji endelevu cha FSC, shirika la kimataifa linalothibitisha misitu, kwa hiyo yako mabomba ambayo pesa zake zilirudi kijijini. Siwezi kukuapia kuwa lako ni mojawapo.

Lakini hiyo fimbo ya babu haikuwa na tundu la ndani. Mafuta ya nazi huganda joto likiwa chini ya nyuzi 24 hivi, na sebule ya Gateshead mwezi Januari unaijua. Yataganda ndani ya matundu madogo ya chanta kama samli, yatashika vumbi, yatalowesha vikalio vya ngozi, na yakifika kwenye utete umeuua. Mpingo una mafuta yake. Nje, futa jasho kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza, inatosha. Tundu la ndani hupakwa tone la mafuta maalumu mara chache sana, utete ukiwa umetolewa na kuwekwa mbali, na kazi hiyo ifanywe na mwenye seti. Kwa maneno mengine, mpingo hautakusumbua. Mtoto mchanga hapo ni utete.

Ndani ya kitako cha chanta kuna utete wenye midomo miwili, umechongwa kutoka tete la jamii ya *Arundo donax*, na midomo yake ni myembamba kiasi cha kupitisha mwanga. Kwenye mivumo kuna tete za ulimi mmoja. Zumari na bagipaipu za mdomo hulowanishwa na pumzi ya mpigaji. Za kwako hupata hewa kavu ya chumba tu, na zimechongwa kwa ajili ya ukavu huo. Kwa hiyo usizilambe. Najua mpiga zumari huanza kwa kulowesha utete mdomoni. Hapa ni mwiko. Unapochomoa chanta, ivute moja kwa moja, huku mkono mwingine ukishika kitako, na ukiwa huna kazi na utete urudishe ndani mara moja. Usiuguse kwa kidole hata kuangalia kama uko sawa.

Adui yake mkubwa nchini Uingereza ni hita. Mimi niliacha seti yangu dirishani juu ya hita usiku mmoja tu wa Februari. Asubuhi utete niliokuwa nao miaka saba ulikuwa na ufa toka mdomoni hadi kwenye waya unaoufunga. Weka boksi kwenye ukuta wa ndani, mbali na jua na hita, na ukitoka nje na baridi lipe nusu saa litulie kabla ya kufungua.

Mvumo mmoja ukizimika ghafla ukigandamiza, ulimi wake umelala karibu mno. Ukinyonya hewa nyingi na kukoroma, umeinuka mno. Vyote viwili vinarekebishwa, kwa unywele mmoja uliopitishwa chini ya ulimi, au kwa kusogeza ule uzi unaoufunga. Ila mwache mwalimu akuonyeshe mara mbili kabla hujajaribu.

Safari sasa. Ushauri wangu kwa mwaka wa kwanza: acha. Hewa ya Lindi mwezi Desemba ina unyevu ambao utete wako haujawahi kuujua. Utavimba, sauti itahama, utaanza kuchokonoa ukidhani umeharibika, kisha ukirudi kwenye hewa ya hita utakuwa na utete usiofaa kokote. Na seti ni ya kuazima. Bado muulize mwenyewe, maana wapo wanaokataa kabisa isitoke nchini.

Akikubali na moyo wako ukigoma kuiacha, basi iwe ndani ya ndege na wewe, siyo chini kwenye mizigo. Tangu Novemba 2019 ala za muziki zilizokamilika za mpingo hazihitaji kibali cha CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, kwa hiyo mti hautakuletea shida mpakani. Pete nyeupe kwenye mabomba ndizo za kuangalia. Kwenye seti mpya huwa ni plastiki, lakini za kale nyingi ni pembe halisi ya ndovu, na hiyo usivuke nayo mpaka wowote bila karatasi. Ukifika, usiiache garini hata dakika kumi. Usiifunge kwenye mfuko wa nailoni; ngozi ya kiriba itaota ukungu. Ifungue kila siku ipate hewa ya kivulini, pigapiga robo saa, na chochote utakachosikia usirekebishe kitu.

Ukirudi Gateshead, iache ndani ya boksi siku tatu nzima, kisha anza tena na mvumo mmoja na yale maji ya kahawa. Kama baada ya wiki chanta bado inalia vibaya, niandikie unieleze noti zipi, za juu au za chini, maana jibu lake hutofautiana.